Usawa wa Mtandao na Kura Zisizogharimu Kitu

Tarehe 16 Mei 2018 Seneti ya Marekani ilipiga kura 52 dhidi ya 47 kurejesha kanuni za usawa wa mtandao, yaani zile zinazoikataza kampuni ya intaneti kubagua inachokibeba, ambazo Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, ilikuwa imezifuta miezi mitano kabla. Maseneta wote 49 wa upande wa Democratic walisimama pamoja, na Warepublican watatu wakavuka kuungana nao: Susan Collins wa Maine, Lisa Murkowski wa Alaska na John Kennedy wa Louisiana. Wanaharakati walishangilia. Nami nilishangilia, kwa kuwa nilikuwa nimelifuatilia suala hili kwa miaka mingi na ilikuwa nadra kuona wanaolitetea wakishinda hesabu ya kura.

Kisha hakikutokea kitu. Azimio lilitakiwa lipite pia katika Baraza la Wawakilishi, halafu litiwe saini na Rais Donald Trump, ambaye ndiye aliyemkabidhi uenyekiti wa FCC mtu aliyeongoza kufutwa kwa kanuni hizo. Viongozi wa Republican katika Baraza la Wawakilishi hawakulifikisha ukumbini. Njia pekee iliyobaki ilikuwa wabunge 218 watie saini ombi la kulazimisha lipigiwe kura, na saini hizo hazikutimia. Januari 2019 muhula wa Bunge ukaisha, azimio likafa nao.

Kila seneta aliyeitikia jina lake siku ile alijua mwisho huo. Ndiyo maana tangu wakati huo, kila kura ya namna hii inapopigwa, siangalii kwanza nani kasema ndiyo na nani kasema hapana. Naangalia kama kura yenyewe ilikuwa na uwezo wa kuwa sheria. Na nikizipanga kura zote za Bunge la Marekani kuhusu jambo hili kwa kipimo hicho, naona kitu kinachonisikitisha: wabunge wamekuwa jasiri pale ambapo ujasiri hauwagharimu kitu, na pale kura ilipokuwa na meno, ama waliipigia kampuni ama walikwepa kuipiga kabisa.

Wazo la usawa wa mtandao ni jepesi kuliko makelele yanayolizunguka. Kampuni inayokuuzia intaneti ni mchukuzi. Kazi yake ni kubeba data kati yako na popote unapotaka kwenda: tovuti, simu ya video, faili la kazi. Usawa wa mtandao unasema mchukuzi huyo hana ruhusa ya kuchagua mizigo. Asizuie tovuti halali, asibane kasi ya huduma asiyoipenda, wala asiuze njia ya haraka kwa anayelipa zaidi huku wengine wakisota. Jina la wazo hilo lilitokana na Tim Wu, profesa wa sheria, mwaka 2003, lakini wazo lenyewe ni la zamani sana. Kampuni ya simu haikuruhusiwa kukataa kukuunganisha eti kwa sababu unampigia mshindani wake.

Hofu hii haikuzuka hewani. Mwaka 2005 kampuni ya Madison River ya North Carolina ilikutwa inazuia simu za Vonage, huduma ya kupiga simu kupitia intaneti iliyokuwa ikimpunguzia mapato. Ililipa dola 15,000 na kuahidi kuacha. Miaka miwili baadaye waandishi wa shirika la habari la Associated Press walifanya majaribio na kugundua kwamba kampuni ya intaneti ya Comcast ilikuwa inavuruga kwa siri watumiaji wa BitTorrent, programu ya kugawana mafaili. Hakuna mteja aliyekuwa ameambiwa. Watu walidhani kompyuta zao zina matatizo.

Kiini cha mgogoro wote ni masanduku mawili. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1996, iliyopitishwa na Bunge kwa wingi mkubwa wa kura za vyama vyote viwili, iligawa huduma katika makundi. Kuna huduma ya mawasiliano, ambayo mtoaji wake ni mchukuzi wa umma na anabanwa na wajibu wa kumhudumia kila mtu kwa haki. Na kuna huduma ya habari, ambayo kwa sehemu kubwa imeachwa huru. Bunge halikusema waziwazi intaneti inayoingia nyumbani ikae sanduku lipi. Mwaka 2002 FCC ikaiweka intaneti ya kebo katika huduma ya habari. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu, kwa majaji 6 dhidi ya 3, ikasema sheria ina utata na kwa hiyo tume ina haki ya kuchagua.

Kila kilichofuata kwa miaka 20 ni kuvutana juu ya sanduku hilo. Mawakili wamelipwa fedha nyingi kubishana maana ya maneno ambayo Bunge liliyaandika, na ambayo Bunge lingeweza kuyafafanua kwa sentensi moja. Narudia kwa makusudi: sentensi moja. Walioitunga sheria hawakuhitaji kuvumbua chochote. Walihitaji kusema tu walimaanisha nini.

Nafasi ya kwanza ya kweli ilikuja mwaka 2006, na ndiyo ninayoirudia mara nyingi zaidi kwa sababu wakati huo jambo hili lilikuwa bado halijawa bendera ya chama. Bunge lilikuwa linajadili muswada mkubwa wa mawasiliano. Edward Markey, mbunge wa Massachusetts, alipendekeza marekebisho ya kuuingiza usawa wa mtandao ndani yake. Nje ya Bunge, waliounga mkono ni watu ambao kwa kawaida hawakai meza moja: MoveOn ya mrengo wa kushoto na Christian Coalition ya wahafidhina wa Kikristo. Walielewana kwa sababu kila mmoja aliogopa kitu kilekile, kwamba siku moja kampuni inayobeba intaneti ingeamua ujumbe wake hauna thamani ya kubebwa upesi.

Tarehe 8 Juni 2006 marekebisho ya Markey yalianguka kwa kura 152 dhidi ya 269. Zaidi ya Wademocrat 50 walikuwa miongoni mwa waliokataa. Wiki tatu baadaye, tarehe 28 Juni, Kamati ya Biashara ya Seneti ilipigia kura pendekezo la Olympia Snowe, Mrepublican wa Maine, na Byron Dorgan, Mdemocrat wa North Dakota. Matokeo yalikuwa 11 kwa 11. Kura zikilingana, pendekezo limeanguka. Watu wanaikumbuka siku ile kwa sababu ya Seneta Ted Stevens wa Alaska, mwenyekiti wa kamati, aliyeilinganisha intaneti na mirija katika hotuba ya kupinga pendekezo hilo, akachekwa dunia nzima. Mimi naikumbuka kwa hesabu ile ya 11 kwa 11. Seneta mmoja zaidi katika chumba kile angelitosha kuliingiza pendekezo katika muswada uliokuwa hai, mikononi mwa mwenyekiti aliyetaka upite. Sisemi lingefika hadi mwisho. Nasema hapo ndipo vyama vyote viwili vilipokuwa karibu zaidi kukubaliana, na nafasi ya aina hiyo haijarudi.

Bunge liliposhindwa, tume ikajaribu peke yake. Mwaka 2008 iliiamuru Comcast iache kuwavuruga wateja wake, na Aprili 2010 mahakama ya rufaa ya mji mkuu, Washington DC, ikasema haina mamlaka hayo. Desemba 2010 ikaandika kanuni mpya, ambazo mahakama hiyohiyo ilizifuta kwa sehemu kubwa Januari 2014. Katikati ya kanuni na hukumu hiyo, Warepublican nao walipata kura yao ya geresha: Aprili 2011 Baraza la Wawakilishi lilipitisha kwa 240 dhidi ya 179 azimio la kuzifuta kanuni za 2010, ilhali ikulu ya Barack Obama ilikuwa imeshatangaza kwamba angelipinga, na Novemba mwaka huo Seneti ikalikataa kwa 52 dhidi ya 46. Nataja hili ili nisionekane naona kibanzi katika jicho la chama kimoja tu.

Hukumu ya 2014 iliiambia tume jambo la wazi. Ukitaka kuziwekea kampuni za intaneti wajibu wa mchukuzi wa umma, zihamishie kwanza katika sanduku la wachukuzi wa umma. Wananchi karibu milioni 4 walituma maoni. Tarehe 26 Februari 2015 makamishna watatu dhidi ya wawili wakafanya hivyo, na Juni 2016 mahakama ikawaunga mkono. Zilikuwa kanuni bora kuliko zote zilizowahi kuandikwa juu ya jambo hili. Lakini ziliandikwa na watu watano, na kilichoandikwa na watu watano kinaweza kufutwa na watu watano.

Kuna kitu kimoja cha Januari 2015 ambacho watetezi wa usawa wa mtandao hatupendi kukizungumza. Seneta John Thune na Mbunge Fred Upton, wote Warepublican, walitoa rasimu ya muswada ambao ungekataza kuzuia tovuti, kubana kasi na kuuza njia ya haraka. Kwa upande wa pili, ungeipokonya tume uwezo wa kuihamisha intaneti kwenye sanduku la wachukuzi na kuifunga mikono isitunge kanuni zaidi. Wademocrat waliukataa, na wakati ule niliona wamefanya sawa kabisa: ulikuwa umeandikwa ili kuizuia tume dakika za mwisho. Nikiutazama sasa, baada ya yote yaliyofuata, sina tena uhakika ule. Katazo lenye kasoro lililomo ndani ya sheria ni gumu kufutwa kuliko kanuni nzuri isiyo na sheria nyuma yake.

Sasa tuje kwenye kura yenye meno.

Oktoba 2016 FCC ilipitisha kanuni za faragha. Kwa kuwa kampuni za intaneti zilikuwa zimekuwa wachukuzi wa umma, tume ilisema zisitumie wala kuuza historia ya tovuti unazotembelea bila kukuomba ruhusa kwanza. Fikiria kampuni hiyo inajua nini juu yako. Injini ya kutafutia inajua ulichokitafuta humo. Mtandao wa kijamii unajua unachokifanya ukiwa ndani yake. Mchukuzi anaona unakwenda wapi kila unapotoka: tovuti ya ugonjwa gani saa nane usiku, ya wakili wa talaka, ya kutafuta kazi wakati bado una kazi. Na huwezi kumkwepa kwa kubadili tovuti, kwa sababu njia zote zinapita kwake.

Bunge lilizifuta kanuni hizo kabla hazijaanza kufanya kazi kikamilifu. Seneti ilipiga kura tarehe 23 Machi 2017: 50 dhidi ya 48. Baraza la Wawakilishi likafuata tarehe 28 Machi: 215 dhidi ya 205, huku Warepublican 15 wakikataa kufuata chama chao. Tarehe 3 Aprili Trump akatia saini. Siku 11 zilitosha kutoka Seneti hadi sheria. Bunge lililoshindwa kufafanua sentensi moja kwa miaka 20 lilikuwa na uwezo wa kwenda kasi namna hiyo.

Walitumia sheria nyingine ya mwaka 1996, inayoruhusu Bunge kufuta kanuni mpya ya taasisi ya serikali kwa wingi wa kawaida wa kura. Kura 60 ambazo kwa desturi za Seneti huhitajika kuukata mjadala hazihitajiki hapo. Na sheria hiyo ina mkia ambao watu wengi hawakuuona: kanuni ikishafutwa kwa njia hii, taasisi haiwezi kutunga nyingine inayofanana nayo kwa kiasi kikubwa mpaka Bunge liiruhusu kwa sheria mpya. Kwa hiyo kura ile ilifuta kanuni na pia ilifunga mlango nyuma yake.

Nilisoma orodha ya majina ya kura ile jina kwa jina, na nadhani ndiyo kura moja ambayo mpiga kura yeyote wa Marekani angepaswa kuijua kuhusu mwakilishi wake. Hakukuwa na mahali pa kujificha. Hakukuwa na baraza lingine la kuizika, wala rais wa kuipinga. Aliyesema ndiyo alijua itakuwa sheria ndani ya siku chache. Hoja iliyotolewa ni kwamba si haki kuzibana kampuni za intaneti kuliko Google na Facebook. Hoja hiyo ina uzito fulani, na kama ingekuwa ya dhati ingezaa sheria ya kuzibana zote. Haikupitishwa. Usawa uliopatikana ni wa kila mmoja kuachwa huru dhidi ya mteja.

Baada ya hapo, kufutwa kwa kanuni za 2015 kulikuwa suala la ratiba tu. Tarehe 14 Desemba 2017 tume chini ya mwenyekiti wake, Ajit Pai, ilipiga kura 3 dhidi ya 2. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Maryland mwezi huohuo ulikuta kwamba asilimia 83 ya Wamarekani walioelezwa hoja za pande zote walipinga kufutwa huko, wakiwemo Warepublican asilimia 75. Tume ilipokea maoni zaidi ya milioni 22, na mwaka 2021 Mwanasheria Mkuu wa New York alitangaza kwamba karibu milioni 18 yalikuwa ya uongo. Milioni 8.5 yalitokana na kampeni iliyogharamiwa na kampuni za intaneti, yakitumia majina ya watu halisi ambao hawakujua lolote. Zaidi ya milioni 7.7 yalitengenezwa na mwanafunzi mmoja wa chuo wa miaka 19, kwa majina ya kubuni, akiunga mkono usawa wa mtandao. Huyo wa pili alikuwa upande wangu na alitudhuru vilevile, maana sauti za watu wa kweli zilizama ndani ya takataka hizo na tume ikapata kisingizio cha kutozisikiliza.

Ndipo ikaja kura ya 52 kwa 47. Aliyeiongoza Seneti katika hilo alikuwa Markey yuleyule wa 2006, sasa akiwa seneta. Simhesabu yeye miongoni mwa wapiga kura za geresha. Mtu aliyeshikilia jambo moja tangu lilipokuwa halina faida kwake anastahili kuaminiwa. Nawazungumzia waliomzunguka.

Aprili 2019, Wademocrat wakiwa wamelitwaa Baraza la Wawakilishi, walipitisha Muswada wa Kuokoa Intaneti kwa 232 dhidi ya 190. Mrepublican mmoja tu, Bill Posey wa Florida, aliunga mkono. Mitch McConnell, kiongozi wa Seneti, alikuwa ameshasema muswada huo umefika ukiwa maiti. Miaka 13 kabla, Wademocrat zaidi ya 50 walikuwa wamelikataa pendekezo la aina hiyo lilipoletwa mbele ya baraza hilohilo. Mabadiliko ya moyo nayakubali na kuyapongeza. Lakini kipimo chake kingekuja pale ambapo ndiyo ingekuwa na matokeo.

Kipimo kilikuja Januari 2021. Wademocrat walikuwa na ikulu, Baraza la Wawakilishi na, kwa kura ya uamuzi ya makamu wa rais pale kura zinapolingana, Seneti pia. Ni kweli hawakuwa na kura 60, na sheria kamili isingepita bila Warepublican. Markey na Ron Wyden waliwasilisha muswada Julai 2022, haukufika ukumbini. Nayaelewa hayo. Kilichobaki nje ya kisingizio hicho ni tume. FCC ilikuwa na makamishna wawili kwa wawili, imekwama, na kumthibitisha kamishna wa tano kunahitaji wingi wa kawaida tu. Rais Joe Biden alimteua Gigi Sohn Oktoba 2021, baada ya kusubiri miezi tisa bila sababu ninayoweza kuitetea. Alikuwa mtu aliyefanya kazi ya kutetea watumiaji wa mawasiliano kwa miaka mingi. Alihojiwa, akarudishwa, akahojiwa tena, mara tatu kwa jumla, huku kampeni kali ya kumchafua ikiendelea. Seneti nzima haikumpigia kura hata mara moja. Tarehe 7 Machi 2023 Joe Manchin, Mdemocrat wa West Virginia, alitangaza kwamba angempinga, na siku hiyohiyo Sohn akajitoa.

Manchin alikuwa miongoni mwa wale 52 wa mwaka 2018.

Hapo ndipo hesabu yangu yote inapolalia. Kurejesha kanuni kwa kura ambayo ingezikwa kwenye baraza lingine, alikubali. Kumweka kamishna ambaye angezirejesha kweli, alikataa. Na hakuwa peke yake, kwa sababu wengine ambao hawakutangaza kitu waliruhusu jina la Sohn likae mezani miezi 16 pasipo kudai kura. Anayekaa kimya kwa muda huo naye amepiga kura, ila jina lake halimo katika orodha yoyote ninayoweza kuisoma.

Ucheleweshaji huo ulikuwa na bei, na nadhani haujaelezwa vya kutosha. Tume ilipata kamishna wa tano, Anna Gomez, Septemba 2023. Kanuni zikarejeshwa tarehe 25 Aprili 2024, kura 3 dhidi ya 2. Miezi miwili baadaye, tarehe 28 Juni, Mahakama ya Juu katika kesi ya Loper Bright ilifuta kanuni ya tangu 1984 iliyowataka majaji wakubali tafsiri ya busara ya taasisi pale sheria inapokuwa na utata. Ilikuwa ndiyo nguzo iliyoshikilia ushindi wa 2016. Tarehe 2 Januari 2025 majaji watatu wa mahakama ya rufaa ya mzunguko wa sita, Cincinnati, waliisoma Sheria ya Mawasiliano ya 1996 wenyewe, wakaamua intaneti ni huduma ya habari, na kanuni zikafutwa. Kama kamishna wa tano angeingia mapema 2021, kanuni hizo zingefika mahakamani wakati nguzo ile bado imesimama. Siwezi kuapa kwamba zingenusurika. Lakini zilipelekwa vitani baada ya kunyang'anywa ngao, na aliyechelewesha ni Seneti iliyodai kuzipenda.

Wapo wanaouliza, na ni swali la haki: kanuni zilipokoma kutumika 2018, mbona intaneti haikuvunjika? Tovuti zilifunguka, video zilitazamwa. Jibu langu la kwanza ni kwamba majimbo hayakukaa kimya. Jimbo la Washington lilipitisha sheria yake Machi 2018, na Baraza la Wawakilishi la jimbo hilo lilipiga kura 93 dhidi ya 5, Warepublican kwa Wademocrat. California ikafuata Septemba kwa sheria kali zaidi ya zote. Serikali ya Trump iliishtaki siku ileile iliyosainiwa, na kesi ikaachwa baada ya yeye kuondoka. Sheria ya California ilipoanza kutumika 2021, kampuni ya simu na intaneti ya AT&T iliacha mpango wa kuwatoza wenye huduma ili data zao zisihesabiwe kwenye bando la mteja, na iliuacha nchi nzima, kwa kuwa intaneti haifuati mipaka ya majimbo kwa urahisi. Kampuni kubwa haiwezi kuendesha mtandao wa aina moja California na wa aina nyingine nje yake bila gharama. Ukimya tuliouona ulikuwa na walinzi wake.

Jibu la pili ni la wazima moto. Kiangazi cha 2018, katika moto mkubwa wa Mendocino, kikosi cha zimamoto cha kaunti ya Santa Clara kiligundua kwamba gari lake la kuratibu mapambano limebanwa kasi na kampuni yake ya intaneti, Verizon, hadi karibu halitumiki, ingawa kilikuwa kimelipia huduma iliyoitwa isiyo na kikomo. Kilipoomba kasi irudishwe, kilielekezwa kwenye mpango wa bei kubwa zaidi. Verizon ilikiri kosa na kusema ni la huduma kwa wateja, halihusiani na usawa wa mtandao. Kwa maana finyu ya katazo la kubana kasi, wanaweza kuwa sahihi. Lakini tukio lile lilionyesha kitu ambacho kanuni za 2015 zilikuwa nacho na kufutwa kwake kukakiondoa, yaani mahali pa kushtaki mwenendo usio wa haki kwa mtu mwenye mamlaka ya kuchukua hatua. Oktoba 2019 mahakama ya rufaa ya Washington DC, ikikubali sehemu kubwa ya uamuzi wa Pai, iliirudishia tume suala la usalama wa umma na kuilaumu kwa kutolipima. Ilikataa pia kuiruhusu tume iyazuie majimbo yote kwa mkupuo yasitunge sheria zao.

Hukumu ya 2025 imeyaacha majimbo hapohapo, ila imeifunga tume. Sasa hakuna kamishna wa kusubiriwa, hakuna rais ajaye wa kuja kugeuza kanuni. Neno limerudi kwa waliolitunga mwaka 1996, na wale wanaoendelea kusema wanaunga mkono usawa wa mtandao hawana tena taasisi ya kuielekezea kidole. Muswada unahitaji kura 60 katika Seneti, maana yake Warepublican kadhaa. Mwaka 2018 walikuwa watatu, katika kura ambayo haikuwa na hatari kwao. Washington, jimbo moja, ilipata makumi katika kura iliyokuwa sheria kamili. Tofauti hiyo ndiyo ningetaka wabunge wa taifa waulizwe kila wanaposimama kuomba kura, mmoja mmoja, kwa jina.

Kwa sasa, mkazi wa Spokane, Washington, analindwa na sheria inayomkataza mchukuzi wake kuzuia, kubana na kuuza kipaumbele. Akiendesha gari chini ya saa moja kuelekea mashariki anaingia Idaho, ambako hakuna sheria ya namna hiyo. Simu ni ileile, kampuni inaweza kuwa ileile, na bili ni ileile.